Nguo za mpanda kinga asubuhi ya baridi

Mwezi wa sita, saa 11 na nusu ya asubuhi, simama kando ya barabara inayoingia Shituru uangalie wenzako wanavyokuja kazini juu ya kinga. Huyu amevaa koti zito la sufu, amelifunga vifungo vyote mpaka kidevuni, na jasho linamtiririka usoni. Yule anayemfuata amevaa shati moja tu. Amepandisha mabega mpaka masikioni, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine ameutia mfukoni. Wote wawili wamevaa vibaya. Wa kwanza ataumia baadaye, wakati jasho lake litakapopoa. Wa pili anaweza kuumia kabla ya kufika langoni, kwa sababu mkono ulio mfukoni haushiki breki.

Kila mara ukurasa huu unawakumbusha kaske, viatu na miwani. Leo tutasema juu ya fulana, sweta, soksi, na hata gazeti kuukuu. Safari ya kutoka nyumbani mpaka kazini nayo ni sehemu ya siku ya kazi, na mtu anayefika amekufa ganzi vidole hawezi kushika chombo vizuri.

Baridi yetu inatoka wapi?

Mgeni akiambiwa kwamba Likasi iko digri 11 tu kusini ya ikweta, atadhani hapa ni joto mwaka mzima. Anasahau kwamba mji huu uko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Tena, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hakuna mvua, na mbingu haina mawingu. Mawingu ni kama blanketi la ardhi. Yasipokuwapo, joto ambalo ardhi ililipata mchana linapanda na kupotea usiku kucha. Ndiyo maana mchana wa mwezi wa saba unaweza kufika digri 25 na zaidi, na alfajiri ya siku hiyohiyo ilikuwa digri 8 au chini yake.

Saa ya baridi kali kuliko zote ni ile ya karibu na kuchomoza kwa jua. Katika mwezi wa sita jua letu linachomoza karibu saa 12 na nusu. Basi wenye posti ya asubuhi wanakuja kazini, na wenye posti ya usiku wanarudi nyumbani, katika saa hiyohiyo mbaya, na giza bado lipo.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, na kama maji inateremkia mahali pa chini. Kila mpanda kinga anajua: juu ya kilima baridi ni ya kuvumilika, lakini ukiteremka kwenye dembo, karibu na mto, unasikia kama umeingia katika chumba cha barafu. Hapo ndipo penye mteremko, hapo ndipo unapokwenda mbio, na hapo ndipo unapozihitaji breki.

Upepo unaoufanya wewe mwenyewe

Mtu anayetembea kwa miguu anasikia baridi ya hewa. Mtu wa kinga anasikia baridi ya hewa pamoja na upepo wa mwendo wake. Kuna hesabu ya mambo haya iliyokubaliwa Kanada na Marekani mwaka 2001, nchi zinazojua baridi. Kwa hesabu hiyo, hewa ya digri 8 ikipigwa na upepo wa kilometa 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaisikia kama digri 5 hivi. Upepo ukifika kilometa 30 kwa saa, kama vile unapoteremka mbio, inakuwa kama digri 4. Na katika majira haya upepo wetu unatoka kusini-mashariki. Ukiwa unakwenda kuuelekea, ongeza nguvu yake juu ya mwendo wako.

Mwili una dawa yake. Unapokanyaga pedali, robo tu ya nguvu inayotumika katika misuli ndiyo inayosukuma kinga. Robo tatu zinageuka kuwa joto. Ndiyo sababu mtu akipanda kilima anatoka jasho hata katika baridi. Taabu inakuja akifika juu. Miguu inapumzika, joto halitengenezwi tena, upepo unaongezeka, na nguo ya ndani imelowa. Maji yanachukua joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Koti zito, ambalo lilikuwa rafiki dakika 5 zilizopita, sasa limeshika nguo mbichi juu ya mgongo wako.

Kwa hiyo swali la mpanda kinga si «nivae nguo nzito kiasi gani?» Swali ni «nitafanyaje nisilowe?»

Nguo tatu nyepesi, si moja nzito

Kinachomtia mtu joto ni hewa iliyokamatwa ndani ya nguo na kati ya nguo. Kitambaa chenyewe kinafanya kazi ndogo. Nguo tatu nyepesi zilizopandana zinakamata hewa katika nafasi zaidi kuliko nguo moja nzito, tena unaweza kuvua moja na kubaki na mbili. Koti moja zito linakupa chaguo mbili tu: kuungua ndani yake au kuganda nje yake.

Ya kwanza ni nguo ya ngozi, ile inayogusa mwili. Kazi yake ni kuondoa jasho, wala si kutia joto. Wengi wetu tunavaa fulana ya pamba. Pamba ni nzuri mchana wa joto, lakini asubuhi ina kosa moja: inakunywa jasho na kukaa nalo. Kama una pamba tu, vaa pamba, lakini iwe nyepesi, iwe kavu, na uwe na nyingine ya kubadilisha. Kati ya nguo za mitumba mara nyingine unaona fulana ya matundu-matundu kama wavu wa samaki. Watu wanafikiri ni nguo ya joto. Kumbe aliyeivumbua, mwaka 1933, ni mwanajeshi wa Norwe, Henrik Brun, aliyeshona nyavu za samaki ziwe fulana za kuvaliwa katika baridi. Matundu yanashika hewa, jasho linapata njia ya kutoka, na shati halilali juu ya ngozi. Waingereza waliopanda mlima Everest mwaka 1953 walikuwa nazo. Ukiiona sokoni kwa bei ndogo, usiicheke. Lakini lazima uvae shati juu yake. Peke yake haisaidii kitu.

Ya pili ni nguo ya joto, yaani sweta. Sweta ya sufu ndiyo bora, hata ikiwa kuukuu, hata ikiwa imetiwa viraka kwenye viwiko. Sufu inaweza kunywa mvuke na jasho karibu theluthi ya uzito wake kabla ya mtu kusikia kwamba imelowa. Namna ya kuitambua: vuta uzi mmoja uuchome. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayovunjika vidoleni. Uzi wa kiwandani unayeyuka na kuwa kama shanga ngumu. Kama huna sweta ya mikono mirefu, ile isiyo na mikono inatosha watu wengi, maana kifua na tumbo ndivyo vya kutunzwa kwanza. Tutaona sababu.

Ya tatu ni nguo ya upepo. Hii haihitaji kuwa nzito. Jaketi jepesi la kitambaa kilichofumwa kwa kubana linatosha. Wengine wanatumia koti la mvua la plastiki. Linazuia upepo vizuri sana, lakini linazuia na jasho, na ukilivaa kwa kupanda kilima utafika kama mtu aliyetoka mtoni. Ukiwa nalo, lifungue shingoni na kwenye mikono wakati wa kupanda, ulifunge wakati wa kuteremka. Hata kusimama kidogo juu ya kilima ili kulivaa si kupoteza wakati.

Na asiye na jaketi? Achukue gazeti. Wale mabingwa wa mashindano ya kinga ya Tour de France, wakifika juu ya milima ya Ufaransa, walikuwa na desturi ya kupokea gazeti kwa watu waliosimama njiani na kuliingiza kifuani chini ya fulana kabla ya kuteremka. Karatasi haipitishi upepo haraka, na kurasa zake zina hewa katikati. Kunja kurasa nne au tano, ziweke kati ya shati na sweta, mbele ya kifua. Ukifika, zitoe, maana karatasi iliyolowa jasho haifai tena. Gazeti lenu hili pia linafaa, likishasomwa na mama na watoto.

Kipimo cha kujua kama umevaa sawasawa ni hiki: unapotoka lupangoni usikie baridi kidogo. Baada ya dakika 10 za kukanyaga utakuwa sawa. Ukitoka nyumbani ukiwa umeshapata joto la kukutosha, umevaa mno.

Anayetoka posti ya usiku

Huyu ndiye tunayemfikiria zaidi. Katika majumba ya elektroliza ya shaba, maji ya asidi yaliyo ndani ya matangi yana joto, na hewa ya ndani ni ya joto na unyevu. Wengine wanatoka karibu na matanuru. Mtu amefanya kazi saa nane, amechoka, nguo zimelowa jasho; saa 12 anafungua mlango na kukutana na digri 8. Akipanda kinga hivyohivyo, fulana yake inageuka kuwa baridi kama chuma kabla hajafika mbali.

Ushauri wetu kwake ni wa bei ndogo kuliko yote ya ukurasa huu: awe na fulana ya pili, kavu, katika kabati lake. Avue ile iliyolowa, ajifute, avae kavu, kisha sweta na jaketi. Akioga, akaushe nywele vizuri kabla ya kutoka. Fulana hiyo moja kavu inafanya kazi kuliko makoti mawili juu ya fulana iliyolowa.

Tena, nguo za kazi zisiwe mojawapo ya zile nguo tatu. Tunajua jambo hili lipo: asubuhi ni baridi, mtu anaona nguo ya kazi ni nene, anaiacha mwilini na kuvaa koti juu yake. Nguo iliyokaa usiku katika ukungu wa asidi ya sulfuriki ina asidi hata kama inaonekana kavu. Maji yanapokauka asidi haiendi nayo. Inabaki katika nyuzi na kuzidi ukali. Ndiyo sababu suruali ya pamba inapata matundu ambayo mama anadhani ni kazi ya panya. Nailoni nayo inaliwa na asidi. Sufu inavumilia asidi nyepesi kuliko pamba, lakini ngozi yako si sufu. Ukitoka jasho njiani, jasho linaiamsha ile asidi, na inauma shingoni, kwapani na mapajani mahali kiti kinaposugua. Kisha nguo hiyo inafika nyumbani, inatupwa katika beseni moja na nguo za mtoto. Nguo za kazi zibaki kazini.

Kwa wanaofanya kazi karibu na moto kuna neno moja zaidi. Fulana na sweta za nyuzi za kiwandani zinakauka upesi na ni nzuri juu ya kinga, lakini zivue kabla ya kuingia kazini. Cheche ikianguka juu ya pamba au sufu inatoboa tundu. Ikianguka juu ya zile nyuzi zinayeyuka na kunata juu ya ngozi.

Mikono, masikio, miguu

Ngozi ya vidole ikishuka chini ya digri 15 hivi, ufundi wa vidole unapungua. Huwezi kufunga kifungo, huwezi kuokota msumari, na breki unaivuta kwa kuchelewa. Mwenye kinga anayekwenda kilometa 20 kwa saa anapita mita 5 na nusu kila sekunde moja. Hesabu mwenyewe vidole vinavyochelewa sekunde moja vinakupeleka wapi kama lori limesimama ghafla mbele yako.

Hapa ndipo inapoonekana sababu ya kutunza kifua kwanza. Mwili ukiona kwamba sehemu za ndani, moyo na mapafu, zinaanza kupoa, unabana mishipa ya mikono na miguu ili damu ya moto ibaki katikati. Vidole vinaachwa. Kwa hiyo mtu aliyevaa glavu nzuri na kifua wazi bado atapata ganzi, na mtu mwenye sweta na gazeti kifuani anaweza kushangaa kuona mikono yake imepata joto. Glavu za sufu ni nzuri. Soksi kuukuu zilizokatwa nafasi ya vidole zinafaa pia, mradi zisiteleze juu ya usukani. Jaribu breki kabla ya kuondoka. Glavu za kazi zilizoshika asidi, hapana.

Kofia ya sufu ivaliwe, lakini masikio yasizibwe hata usisikie honi na injini nyuma yako. Skafu ni nzuri kwa shingo na kwa pua, hasa kwa mwenye pumu, maana hewa baridi na kavu inabana kifua chake. Kitambaa puani kinaipasha joto kidogo na kuzuia vumbi. Lakini ncha zake zote mbili ziingie ndani ya jaketi. Skafu inayopepea inatafuta gurudumu. Na suruali uliyoiongeza kwa ajili ya baridi, mguu wa upande wa cheni utie ndani ya soksi au uufunge kwa kamba. Cheni ikimeza kitambaa kinga inasimama na wewe unaendelea.

Jambo la mwisho la mavazi ni rangi. Makoti ya baridi karibu yote ni meusi au ya kahawia. Saa 11 na nusu ni giza, na katika majira haya moshi wa moto wa porini unalala chini mabondeni pamoja na vumbi la malori. Kama una kizibao chenye mistari ya kung'aa, kivae juu ya koti. Wengi wanakivaa vizuri, kisha wanavaa koti juu yake. Asiye nacho avae shati kuukuu jeupe juu ya nguo zote. Watakucheka siku ya kwanza.

Mtoto aliyeketi nyuma

Baba anayempeleka mtoto shuleni juu ya karia asikie vizuri. Wewe unakanyaga, unatengeneza joto. Mtoto ameketi tu. Wewe ukiwa sawa na sweta moja, yeye anatetemeka. Mwongezee nguo moja kuliko zako, soksi ndefu na kofia, na umguse mikono njiani. Ni hivyohivyo kwa mama aliyebebwa nyuma na mtoto mgongoni. Kitenge cha kumfunika mtoto kifungwe juu, mbali na spoki, na miguu ya mtoto iwekwe mahali pasipofika gurudumu.

Ukifika nyumbani

Fulana iliyolowa na sweta vitundike nje mahali penye jua. Kwa ukavu wa hewa yetu, mchana havitachelewa. Usivikaushe usiku juu ya mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu waliolala nayo hawaamki kufungua dirisha. Mbabula inakaa nje mpaka makala yazimike, hata usiku wa baridi kali, hata kama watoto wanalia.

Na kama umefika, umevaa nguo kavu, umekunywa chai ya moto, nusu saa imepita na bado unatetemeka, usiseme ni baridi ya njiani. Malaria haiendi likizo mwezi wa saba. Homa inaanza kwa kutetemeka hivyohivyo, na kila mwaka katika majira ya baridi kuna anayejifunika mablanketi siku mbili akingoja joto. Nenda zahanati siku hiyohiyo wakupime damu.